Msogeze Mgonjwa, Usiinamishe Shingo: Mwongozo Kamili kwa Daktari wa Meno Anayeumwa Shingo, Mgongo na Mikono

Madaktari wa meno wanaoniuliza kuhusu maumivu ya shingo karibu wote wamekwishajaribu dawa fulani. Mmoja amenunua kiti kipya. Mwingine amebandika karatasi ukutani inayomkumbusha kukaa wima. Wa tatu anakandwa mgongo kila mwisho wa wiki. Maumivu hupoa siku mbili tatu, kisha hurudi palepale.

Kosa lao ni moja: wanaanza na jino. Mgonjwa hukaa anavyopenda, jino hubaki lilipo, na mwili wa daktari hujikunja mpaka jicho lilione. Mtu anayelifuata jino hasaidiwi na kiti chochote. Anza na mwili wako, kisha mlete mgonjwa ulipo, kisha taa, kisha vifaa. Hatua zilizo hapa chini zimefuata utaratibu huo, na ukiruka moja, zinazofuata hazitashika.

Nimeandika kwa anayetumia mkono wa kulia. Anayetumia wa kushoto ageuze pande. Wasaidizi wa kliniki nao wasome, maana wanaumia vilevile na ni nadra kuulizwa.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Stuli ya daktari yenye magurudumu, inayopanda na kushuka.
- Kiti cha mgonjwa kinacholala kabisa. Kiegemeo cha kichwa kikiwa kinakunjika sehemu mbili, vizuri zaidi. Kama hakikunjiki, tafuta taulo mbili na mto mdogo wa shingo.
- Futi ya kamba.
- Simu ya kurekodia video na mahali pa kuisimamisha.
- Vioo vya mdomo visivyo na mikwaruzo, ikiwezekana vile vinavyoakisi kwa uso wa mbele.
- Taya la plastiki la mazoezi.
- Daftari.
- Wiki 6 za uvumilivu.

Miwani ya kukuzia haimo kwenye orodha, na si kwa bahati mbaya. Usiinunue kabla ya kufika Hatua ya 7.

## Hatua ya 1: Jirekodi ukiwa kazini

Mwombe msaidizi aweke simu upande wako wa kulia, usawa wa bega, akurekodi kwa dakika kumi. Rekodi kazi mbili: gego la pili la juu, na gego lolote la chini. Mgonjwa aombwe ridhaa, na uso wake usionekane.

Usirekodi dakika za mwanzo wa asubuhi. Saa hizo kila mtu hukaa vizuri. Rekodi mgonjwa wa nne au wa tano.

Kwa nini: mwili uliozoea kupinda huhisi kwamba kupinda ndiko kunyooka. Ukimuuliza daktari aliyejikunja kama amekaa wima, atakwambia ndiyo, na atakuwa anasema anachokihisi kweli. Video haitegemei anachokihisi.

Kisha simamisha video kwenye sekunde moja na uangalie mambo matatu. Kichwa kimeinama kiasi gani? Kiwiliwili je? Mkono wa juu, kutoka begani hadi kiwikoni, umeachana na mbavu kiasi gani? Lengo ni kichwa kisipite nyuzi 20 hadi 25, kiwiliwili kisipite nyuzi 10 kwa kazi ya muda mrefu, na kiwiko kibaki karibu na ubavu.

Hili la kichwa si la kupuuza. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5. Mwaka 2014 Kenneth Hansraj, daktari wa upasuaji wa mgongo nchini Marekani, alichapisha hesabu zake kuhusu mzigo unaoishukia shingo kadiri kichwa kinavyoinama: kwa nyuzi 30 ni kama kilo 18, na kwa nyuzi 60 ni kama kilo 27. Daktari anayechungulia gego la juu kwa macho moja kwa moja anaweza kufika nyuzi 60 bila kujua, tena akiwa ameuzungusha uti wa mgongo.

Jioni hiyo andika kwenye daftari maumivu yako kwa alama 0 hadi 10, ukipita sehemu tisa: shingo, mabega, mgongo wa juu, viwiko, vifundo vya mikono pamoja na vidole, mgongo wa chini, nyonga, magoti, vifundo vya miguu. Andika hata panapostahili sifuri.

Umefanikiwa ukiwa na picha mbili na alama tisa. Zitunze, utazihitaji mwishoni.

## Hatua ya 2: Kaa peke yako, kabla mgonjwa hajaingia

Pandisha stuli mpaka mapaja yashuke kidogo kuelekea magotini. Pembe kati ya kiwiliwili na paja iwe pana kuliko mraba, karibu nyuzi 110. Nyayo zote mbili zilale sakafuni, zikiwa zimeachana. Sogea nyuma kwenye stuli mpaka uhisi umeikalia mifupa miwili ya makalio, si mkia.

Kwa nini: nyonga ikikunjwa nyuzi 90 au chini ya hapo, kiuno hubingirika kwenda nyuma na ule mbonyeo wa asili wa mgongo wa chini hupotea. Hapo diski za uti wa mgongo hubanwa upande wa mbele, misuli huvutwa, na kichwa hutangulia mbele ili kufidia. Maumivu ya shingo yanaweza kuanzia hapa, kwenye kiuno.

Tahadhari: ukipandisha kupita kiasi, ukingo wa kiti utabana nyama ya paja na miguu itakufa ganzi. Anayeukalia ukingo wa mbele wa stuli huku mgongo ukielea hewani naye amekosea, kwa kuwa misuli ya mgongo itafanya kazi ya kiegemeo siku nzima.

Kiti cha umbo la tandiko la farasi hufungua nyonga zaidi na wengi hukipenda. Lakini kizoeshe mwili polepole, saa moja kwa siku wiki ya kwanza, na uhakikishe mgongo wa kiti cha mgonjwa ni mwembamba kiasi cha kupisha mapaja yako chini yake. Kiti kizuri ambacho miguu haipati pa kuingia kitakufanya unyooshe mikono mbali.

Umefanikiwa ukiweza kuinua vidole vya miguu bila mwili kuyumba, na ukipitisha kiganja mgongoni ukaukuta ule mbonyeo upo.

## Hatua ya 3: Tafuta nukta yako ya kazi

Hii ndiyo hatua ambayo sijamwona mtu akiifanya bila kuelekezwa, nayo huchukua dakika mbili tu.

Ukiwa umekaa kama ulivyojipanga, fumba macho. Achia mabega yashuke. Viwiko viguse mbavu. Sasa inua mikono ya mbele (kutoka kiwikoni hadi kifundoni) kidogo, juu kiasi kuliko viwiko, na ukutanishe ncha za vidole mbele ya kifua kana kwamba umeshika kioo na sondo, kile kifaa cha kuchunguzia jino. Usiangalie, sikiliza mabega tu. Yakikaza, shusha mikono.

Pale vidole vilipokutana ndipo mdomo wa mgonjwa unapotakiwa kuwa. Hiyo ndiyo nukta yako ya kazi.

Fumbua macho, inamisha kichwa kidogo tu, na mwombe msaidizi apime kwa futi kutoka kwenye kona ya jicho lako hadi ncha za vidole. Watu wengi hupata sentimita 35 hadi 45, na warefu huzidi hapo. Andika namba hiyo kwa kalamu nzito kwenye jalada la daftari.

Kwa nini: mikono na macho yako vina umbali wao wa raha, na umbali huo haubadiliki kwa sababu gego limejificha. Anayefanya kazi karibu kuliko namba yake huinamisha shingo, na anayefanya kazi juu kuliko nukta yake huinua mabega. Bega lililoinuliwa nusu saa huchoka kwa namna ambayo usingizi wa usiku mmoja hauiponyi.

Umefanikiwa ukirudia mara tano ukiwa umefumba macho, na vidole vikakutana mahali palepale.

## Hatua ya 4: Mlete mgonjwa kwenye nukta hiyo

Chukua muda wako hapa. Wanaokwama, wengi hukwamia hapa, na sababu ni huruma: wanaona haya kumlaza mgonjwa chali au kumwambia asogee. Basi hulipa wao kwa shingo zao. Sekunde ishirini za kumpanga mgonjwa zinaokoa dakika arobaini za kujipinda.

4a. Lala kwanza, sogea juu baadaye. Mlaze mgonjwa kabla ya kurekebisha kichwa. Kiti kinaposhuka mwili huteleza, na mara nyingi kichwa huishia katikati ya kiegemeo. Sema wazi: "Mama, naomba ujisukume juu kidogo mpaka utosi wako ufike mwisho wa hiki kiegemeo." Kama kichwa hakijafika ukingoni, utafanya kazi yote ukiwa umejinyoosha juu ya ukingo wa kiegemeo, na hakuna marekebisho mengine yatakayofuta kosa hilo.

4b. Meno ya juu: alale kabisa, kidevu juu. Mgongo wa kiti uwe karibu sawa na sakafu. Kunja kiegemeo ili kidevu kiinuke, mpaka mstari wa meno ya juu usimame wima au uinamie kidogo upande wako, hadi nyuzi 20 au 25 kupita wima. Kama kiegemeo hakikunjiki, kunja taulo uiweke chini ya shingo, si chini ya kichwa. Taulo chini ya kichwa hukishusha kidevu, na utakuwa umejiharibia mwenyewe.

4c. Meno ya chini: mwinue kidogo, kidevu chini. Inua mgongo wa kiti nyuzi 15 hadi 20, kisha kunja kiegemeo ili kidevu kishuke kuelekea kifuani. Taulo sasa ihamie chini ya kisogo. Halafu shusha kiti kizima. Watu husahau kukishusha: mgongo wa kiti ukiinuliwa, mdomo hupanda, na mabega yako hupanda nao.

Kuna madaktari wanaotumia mkao mmoja kwa taya zote mbili. Ninawaelewa, wana haraka. Lakini taya hizo zinatazamana, na mkao unaofungua moja huifunga nyingine.

4d. Geuza kichwa chake. Mgonjwa anaweza kugeuza kichwa kulia au kushoto hadi nyuzi 45 bila kuumia. Mwambie, "Nigeukie mimi," au "Tazama dirishani." Gego la upande wa mbali likifichika, jibu la kwanza ni shingo yake igeuke, yako ibaki.

4e. Pandisha au shusha kiti chote mpaka mdomo ufike kwenye nukta yako ya kazi. Hili huja mwisho. Ukilifanya mwanzo utalirudia.

Tahadhari. Si kila mtu analazwa chali. Mjamzito wa miezi ya mwisho akilala chali, tumbo la uzazi hukandamiza mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni, presha hushuka na anaweza kuzirai. Mwinue kiasi na umwekee mto chini ya nyonga ya kulia ili aegemee kushoto. Mgonjwa wa moyo au mapafu anayekosa pumzi akilala asilazwe. Mwenye baridi yabisi ya shingo au mwenye ugonjwa wa Down anaweza kuwa na pingili za juu za shingo zilizolegea, kwa hiyo usikunje kichwa chake kwenda nyuma. Kwa wagonjwa hawa fanya kazi ukiwa umesimama, gawa kazi kwa miadi mifupi, na usijilaumu kwa kuinama siku hiyo. Kinachoumiza mwili ni kuinama kwa kila mgonjwa, kila siku.

Umefanikiwa ukimpanga mgonjwa, ukarudi kukaa, ukafumba macho na kuleta mikono mbele, nayo ikatua mdomoni.

## Hatua ya 5: Zunguka kama mshale wa saa

Fikiria saa ya ukutani imelazwa juu ya uso wa mgonjwa, namba 12 ikiwa utosini na namba 6 upande wa miguu. Nazungumzia namba zilizochorwa kwenye saa, sio saa tunazohesabia siku. Anayetumia mkono wa kulia hufanya kazi kati ya namba 9 na 12. Msaidizi hukaa kati ya 2 na 4.

Madaktari wengi wamefungwa kwenye namba 9 au 10 kutwa nzima. Wanaona sehemu moja ya mdomo vizuri, na sehemu nyingine zote wanazifikia kwa kujipinda kiuno. Mgongo uliopinda na kuzunguka kwa wakati mmoja ndio unaoumia haraka zaidi.

Anza hivi: sehemu za meno ya nyuma zinazotazama upande wako (upande wa shavu kwa meno ya kulia, upande wa ulimi kwa meno ya kushoto) zifanyie kazi ukiwa namba 9. Sehemu zinazotazama mbali nawe, kaa namba 10 au 11 na mgonjwa akugeukie. Meno ya mbele na magego ya juu, kaa namba 12, kichwa cha mgonjwa kikiwa kati ya magoti yako.

Kinachozuia namba 12, mara nyingi, ni kabati. Vyumba vingi vimepangwa kiti cha mgonjwa kikiwa karibu mno na kabati la nyuma. Pima: kutoka ncha ya kiegemeo hadi kabati unahitaji nafasi ya stuli, magoti, na ya kuzunguka. Ikiwa haipo, kisogeze kiti cha mgonjwa mbele hata kama fundi itabidi aitwe.

Umefanikiwa ukihama sehemu tatu au zaidi katika kusafisha mdomo mmoja, na kitovu chako kikiangalia mdomo wa mgonjwa kila unapotua.

## Hatua ya 6: Rudi shule ya kioo

Ninasema shule kwa sababu wengi wetu tulijifunza kioo kwa haraka, tukafaulu mtihani, tukaanza kukitumia kusukumia shavu tu. Lakini gego la juu haliwezi kutazamwa moja kwa moja na mtu aliyekaa wima, hata awe na kiti cha namna gani. Ama utumie kioo, ama uvunje shingo.

Ugumu wake unajulikana: mkono ukienda mbele, kwenye kioo unaonekana kurudi nyuma. Ubongo hujifunza, ila unataka kurudia kila siku. Fanya hivi kwa wiki 3, dakika 10 kwa siku, bila mgonjwa:

1. Wiki ya kwanza, weka taya la plastiki kwenye nukta yako ya kazi. Kwa penseli, fuata mistari ya juu ya gego ukitazama kioo pekee.
2. Wiki ya pili, chora herufi ndogo kwenye kila gego la juu, kulia na kushoto.
3. Wiki ya tatu, tumia drili iliyozimwa, kisha iliyowashwa kwenye jino la plastiki.

Baada ya hapo ingia kwa mgonjwa na kazi nyepesi kama ukaguzi na kukwangua ugaga. Usianze na kuchimba jino karibu na neva.

Kioo kikiwa karibu mno na jino hufunikwa na maji na kuzuia mwanga. Kirudishe nyuma kadiri mdomo unavyoruhusu. Kikiingia ukungu, kipashe kwa maji ya uvuguvugu au mwombe mgonjwa apumue kwa pua. Msaidizi apulize hewa kwenye kioo wakati drili inamwaga maji. Na kioo chenye mikwaruzo kitupwe. Kioo cha kuakisi kwa uso wa nyuma hutoa taswira mbili zinazokaribiana, na jicho linalohangaika na taswira mbili huvuta kichwa kikaribie.

Umefanikiwa siku utakayogundua umeziba gego la juu na hukukumbuka kuchungulia.

## Hatua ya 7: Taa, kisha miwani

Mwanga unatakiwa utoke karibu na macho yako na kufuata mstari wa kutazama kwako, tofauti isizidi nyuzi 15. Taa ikiwa mbali na mstari huo, mikono yako hutia kivuli, na ukiona kivuli utainama kukikwepa. Kwa taya la chini taa ikae juu ya mdomo. Kwa taya la juu, hasa unapotumia kioo, ilete karibu na kichwa chako ili kioo kirushe mwanga kwenye jino. Taa ndogo ya kuvaliwa kichwani humaliza usumbufu huu, kwa sababu huenda jicho linapokwenda.

Sasa miwani ya kukuzia. Inasaidia sana, lakini miwani iliyopimwa vibaya hukufunga kwenye mkao mbaya kwa miaka. Mambo matatu uyasimamie mwenyewe, usimwachie muuzaji.

Kwanza umbali wa kazi. Ile namba ya kwenye jalada la daftari ndiyo ya kumpa. Akikupima ukiwa umesimama au umeinama juu ya meza, kataa.

Pili pembe ya kushuka kwa lenzi. Macho yashuke ndani ya miwani, kichwa kibaki. Pembe ikiwa ndogo, shingo ndiyo itakayoinama kufidia. Miwani yenye prizimu zinazopinda mwanga huruhusu kichwa kubaki karibu wima kabisa; inataka mazoea ya wiki kadhaa, lakini kwa mwenye shingo iliyokwisha kuumia naiona inafaa.

Tatu ukubwa. Mara 2.5 inatosha kuanzia. Kadiri unavyokuza zaidi ndivyo eneo unaloliona linavyopungua, na kusogea kidogo hupoteza taswira.

Umefanikiwa kama ukivaa miwani, ukikaa kama Hatua ya 3, jino linaonekana wazi bila kusogea hata kidogo. Kama lazima ukaribie ndipo lionekane, miwani hiyo irudishwe.

## Hatua ya 8: Mikono

Shika kifaa kwa vidole, si kwa ngumi, kidole cha pete kikiegemea jino. Kifundo cha mkono kibaki kimenyooka. Ukihitaji kukikunja ili kufika, umekaa vibaya, rudi Hatua ya 5. Kila unapokitoa kifaa mdomoni, legeza vidole kwa pumzi moja.

Chagua vipini vinene na vyepesi. Vilivyo na unene wa karibu milimita 10 na uzito wa karibu gramu 15 vilipopimwa vilionekana kupunguza nguvu inayotumiwa na vidole katika kukwangua ugaga. Noa vifaa. Kifaa butu hudai nguvu zaidi na bado huacha ugaga. Ugaga mgumu utolewe kwanza kwa mashine ya mtetemo, mkono umalizie.

Glavu zinazobana kwenye shina la kidole gumba huchosha mkono kimyakimya. Tumia saizi yako, na kwa kazi ndefu zile zilizotengenezwa kwa mkono wa kulia na wa kushoto.

Waya wa drili usikuvute. Ulaze juu ya mkono wa mbele.

## Hatua ya 9: Msaidizi na trei

Msaidizi akae juu kuliko wewe kwa sentimita 10 hadi 15 ili aone mdomo bila kukuegemea, na awe na pete ya kuwekea miguu. Anayekaa chini hupinda kiuno upande mmoja kutwa nzima, huku mkono wa kufyonza mate ukiwa umeinuliwa.

Vifaa vipokezwe juu ya kidevu cha mgonjwa, mkono wako usitoke. Ukifanya kazi peke yako, trei ije mahali mkono wa mbele unafika bila kiwiko kuachana na mbavu. Kujigeuza kuchukua pamba mara mia kwa siku ni kujigeuza mara mia. Pedali iwe karibu na mguu, na ubadilishe mguu kati ya mgonjwa na mgonjwa.

## Hatua ya 10: Pumzika kwa sekunde, panga siku kwa busara

Hata mkao mzuri ukiganda unaumiza. Msuli uliokazwa bila kusogea hubana mishipa midogo ya damu iliyo ndani yake. Oksijeni hupungua, uchafu wa kazi hurundikana, na msuli huanza kuuma. Kusogea ndiko kunakorudisha damu.

Kila dakika 20, chukua sekunde 20 hadi 30. Nafasi zipo tayari: ganzi ikisubiriwa, taa ikikausha kizibo, mgonjwa akisukutua. Fanya kinyume cha ulichokuwa ukifanya. Kama ulikuwa umeelekea mbele, simama, weka mikono kiunoni, pinda taratibu nyuma. Kama mabega yalikuwa mbele, yavute nyuma na chini. Fungua vidole vyote, vitanue, viachie.

Kwenye kitabu cha miadi, usipange matibabu ya mizizi ya magego mawili ya juu yakifuatana. Weka kati yake ukaguzi, au jino la kung'oa ukiwa umesimama.

## Hatua ya 11: Jenga misuli inayostahimili

Misuli ya daktari wa meno inahitaji ustahimilivu kuliko nguvu. Siku tatu au nne kwa wiki:

- Rudisha kidevu nyuma moja kwa moja bila kuinamisha kichwa, shikilia sekunde 5, mara 10.
- Bana makombe ya mabega pamoja na kuyashusha, sekunde 5, mara 10.
- Piga magoti na mikono chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, shikilia, badilisha.
- Lala ubavu, jiinue kwa kiwiko, shikilia bila kukata pumzi.
- Simama mlangoni, mikono ya mbele kwenye miimo, sogeza kifua mbele mpaka uhisi kinafunguka.

Tahadhari: mabega yakiwa bado yamejikunja mbele, kunyanyua vyuma vizito juu ya kichwa au kujenga kifua peke yake huzidisha tatizo. Na zoezi linaloleta ganzi au maumivu yanayoshuka mkononi liachwe palepale.

## Usisubiri: dalili za kumwona daktari

Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati inayokuamsha usiku huashiria neva ya kati iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono. Maumivu upande wa kidole gumba unapokifunga ndani ya ngumi na kuinamisha kifundo upande wa kidole cha mwisho huashiria ala ya kano iliyovimba. Yakishughulikiwa mapema, mengi hutulia kwa kifaa cha kutuliza kifundo na kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Yakiachwa, misuli ya shina la kidole gumba huanza kukonda, na ukubwa huo haurudi wote.

Nenda haraka ukianza kuangusha vifaa, mkono au mguu ukilegea, au maumivu yakishuka mkononi pamoja na ganzi isiyoondoka. Nenda hospitali saa hiyohiyo ukishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au ukipoteza hisia sehemu za siri: hizo ni neva za mwisho wa uti wa mgongo zinazobanwa. Na maumivu ya bega la kushoto au taya yanayokuja na kubanwa kifua yasihesabiwe kuwa ya kazi. Ni ya kuchunguzwa moyo.

Nakuomba usimeze vidonge vya maumivu ili umalizie orodha ya siku. Nimewaona wenzangu wema wakifanya hivyo kwa miaka kwa ajili ya wagonjwa wao, kisha wakaacha kazi mapema na wagonjwa walewale wakabaki bila daktari.

## Hatua ya 12: Pima tena

Wiki ya 6, weka simu palepale, upande uleule, kwa mgonjwa wa nne au wa tano wa siku. Rekodi gego la pili la juu na gego la chini. Ziweke picha mpya kando ya zile za zamani, na uandike tena alama tisa.

Shingo na mabega ndiyo hutangulia kupata nafuu. Mgongo wa chini huchelewa, upe wiki nyingine 6. Ikiwa picha zimenyooka lakini maumivu hayajashuka hata alama moja, tatizo limekwisha kupita mkao. Zichukue picha na daftari umpelekee mtaalamu wa fiziotherapia. Ikiwa umenyooka kwenye magego yote isipokuwa moja, rudi Hatua ya 4 na mgonjwa anayefuata mwenye gego hilo: utosi ukingoni, kidevu juu, ageuke. Kisha wewe ukae.